SHEHE, PADRI NA MWENYEKITI WA KIJIJI: KAZI YAO KATIKA CHANJO YA MABINTI ZETU



Katika vijiji vyetu mtu akiumwa jino au homa husema wazi, hata majirani wakajua. Lakini mama akiumwa sehemu za uzazi hunyamaza. Humficha mumewe, huwaficha watoto, na mara nyingine humficha hata nesi. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Leo tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja unaofichwa sana, na juu ya chanjo inayoukinga. Halafu tuangalie ni nani kijijini anayeweza kuwafanya wazazi waiamini chanjo hiyo.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Ugonjwa huu ni saratani ya mlango wa kizazi. Wengine huuita kansa ya shingo ya kizazi. Ni ule ule. Tumbo la uzazi la mwanamke lina mlango wake kwa chini, na hapo ndipo mtoto hupita wakati wa kuzaliwa. Ugonjwa huanzia hapo. Chembechembe za mwili za mahali hapo huharibika, huanza kuota ovyo, na mwisho hufanya uvimbe au kidonda kinachosambaa.

Hapa Tanzania ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 waliupata ugonjwa huu katika mwaka huo, na zaidi ya 6,000 walikufa. Hebu chukua kalamu. Gawa 6,000 kwa siku 365. Utaona kwamba ni akina mama zaidi ya 16 kila siku. Wengi wao walikuwa na watoto waliokuwa bado wanawategemea.

Duniani kote, mwaka 2022, wanawake wapatao 660,000 waliugua, na wapatao 350,000 walikufa. Sehemu kubwa kabisa ya waliokufa ni wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati, kama yetu.

UNATOKANA NA NINI?

Unatokana na kirusi. Waganga hukiita kwa kifupi HPV. Kirusi ni kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Mtaalamu wa Kijerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyegundua kwamba kirusi hiki huleta saratani hiyo, na mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Kirusi hiki hupita kutoka kwa mtu hadi mtu katika tendo la ndoa. Ni cha kawaida sana. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, hukipata wakati fulani wa maisha yao bila kujua. Hawaumwi, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Lakini kwa wanawake wengine hakitoki. Hukaa kimya na kuharibu taratibu. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka saratani itokee. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI huenda haraka zaidi, naye yumo katika hatari mara sita kuliko mama asiye navyo.

Sasa basi, tuelewane vizuri. Ugonjwa huu si laana, si kurogwa, wala si ushahidi wa umalaya. Mama anaweza kuwa aliolewa akiwa mwari, hakumjua mwanamume mwingine ila mumewe, na bado akaupata. Kwa nini? Kwa sababu mumewe aliweza kuja na kirusi hicho kabla ya ndoa, naye mwenyewe hajui. Kwa hiyo anayemcheka mgonjwa wa saratani hii hajui anachokicheka.

CHANJO INAFANYAJE KAZI?

Chanjo ya kwanza ya kukinga HPV ilianza kuruhusiwa mwaka 2006. Ndani ya chanjo hamna kirusi. Mna vitu vilivyotengenezwa vifanane na ganda la nje la kirusi, lakini ndani ni tupu. Ni sawa na kumwonyesha mlinzi wa ghala picha ya mwizi. Siku mwizi akija, mlinzi anamjua sura na kumkamata mlangoni. Nao askari wa mwili, wakishaonyeshwa ganda la kirusi, wanakaa tayari.

Aina mbili za HPV, namba 16 na namba 18, ndizo zinazoleta saratani hii kwa wagonjwa kama 70 katika kila 100. Chanjo inazikinga hizo.

Hapa kwetu chanjo hii ilianza kutolewa kwa majaribio katika mkoa wa Kilimanjaro mwaka 2014. Mwaka 2018 ikaenea nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Wakati huo sindano zilikuwa mbili. Tangu Aprili 2024 ni sindano moja tu, na wanaopewa ni wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sindano hupigwa begani, shuleni au katika zahanati, bila malipo. Binti mwenye virusi vya UKIMWI huhitaji zaidi ya sindano moja, hivyo mzazi wake aongee na mganga.

Watu wengine huuliza, "Sindano moja itatosha kweli?" Swali hilo lilichunguzwa hapa hapa kwetu. Tangu mwaka 2017, wasichana 930 wa Mwanza wenye miaka 9 hadi 14 walifuatiliwa. Wengine walipewa sindano moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili karibu wote waliopewa moja walikuwa na kinga dhidi ya HPV namba 16. Nchini Kenya nako walifuatiliwa wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na sindano moja ikaonekana kuwakinga vizuri sana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba sindano moja inafaa.

Na saratani yenyewe je, inapungua? Ndiyo. Huko Uskoti, taarifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba kati ya wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13, hakuonekana hata mmoja aliyepata saratani hii.

Lakini kwa nini wapewe watoto? Jibu ni rahisi. Chanjo haiponyi, inakinga. Mtu huezeka nyumba wakati wa kiangazi. Ukingoja mvua inyeshe, utaezeka huku vitanda vimelowa.

KWA NINI WAZAZI WANASITA?

Serikali inaweza kununua chanjo. Gari linaweza kuileta. Nesi anaweza kufika mapema asubuhi. Lakini sindano iliyobaki ndani ya sanduku la barafu haimkingi mtu. Mzazi akikataa, au akimficha mtoto nyumbani siku ile, kazi yote imekwenda bure.

Mzazi anayesita mara nyingi si mkaidi. Anampenda mtoto wake na ana hofu. Hofu zinazosikika sana ni hizi:

Ya kwanza: "Eti sindano hii inaleta ugumba." Si kweli. Chanjo hii imetumika katika nchi nyingi tangu mwaka 2006, na uchunguzi haukuonyesha kwamba inazuia kuzaa. Tena kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe. Mwanamke akitibiwa saratani hii huenda akalazimika kuondolewa kizazi. Kwa hiyo chanjo inakilinda kizazi.

Ya pili: "Itawafundisha watoto uasherati." Mambo haya yamechunguzwa katika nchi mbalimbali. Wasichana waliochanjwa hawakuonekana kuanza mambo hayo mapema kuliko wenzao. Tabia ya mtoto inajengwa na wazazi, walimu na viongozi wa dini. Sindano haina somo la tabia, liwe jema au baya.

Ya tatu: "Kwa nini wasichana tu, na kwa nini bure?" Wasichana wanatangulizwa kwa sababu wao ndio wenye mlango wa kizazi. Kuna nchi zinazowachanja hata wavulana. Na kuhusu bure, chanjo ya surua ni bure, ya polio ni bure, ya pepopunda ni bure. Sote tumewapeleka watoto wetu.

Ya nne: "Mtoto wa fulani alianguka baada ya sindano." Hii inaweza kuwa kweli. Wasichana wengine huzirai kwa woga wa sindano. Ndiyo maana mtoto hukalishwa kwa dakika 15 baada ya kuchanjwa. Mkono unaweza kuuma na kuvimba kidogo, kichwa kuuma, au homa ndogo ikaja. Mambo hayo hupita baada ya siku moja au mbili. Madhara makubwa ni nadra sana, na ndiyo sababu nesi hukaa na dawa karibu.

KWA NINI VIONGOZI WA DINI?

Nesi ni mtaalamu, lakini leo yupo, kesho amehamishwa. Shehe ndiye aliyemwozesha binti yako wa kwanza. Padri au mchungaji ndiye aliyemzika baba yako. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyewapatanisha ninyi na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Neno lao lina uzito. Wakisema "pelekeni watoto," watu huenda. Wakinyamaza, watu husema, "Mbona shehe hakusema kitu? Lazima kuna jambo."

Tuchukue mfano wa Nigeria. Mwaka 2003, viongozi wa dini na wa siasa katika majimbo kadhaa ya kaskazini waliikataa chanjo ya polio. Walisema ina kitu cha kuwafanya wanawake wasizae. Katika jimbo la Kano chanjo ilisimama kwa karibu mwaka mzima. Polio ikaenea tena, ikavuka mipaka na kuingia katika nchi nyingi zilizokuwa zimekwisha kuiondoa. Watoto wakapooza miguu. Mwaka 2004 viongozi wale walikubali, baada ya kusikilizwa na baada ya chanjo kuletwa kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu wengi. Miaka iliyofuata masultani, maimamu na wazee wa jadi wa kule kule wakawa mstari wa mbele kuhimiza chanjo. Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa imeondokana na polio ya asili. Na Oktoba 2023 Nigeria hiyo hiyo ikaanza kutoa chanjo ya HPV.

Mfano huo unatufundisha mambo mawili. Kiongozi anaweza kuufunga mlango, na kiongozi huyo huyo anaweza kuufungua. Tena aliufungua alipoheshimiwa na kujibiwa, si alipotukanwa kwamba ni mjinga.

Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2011. Walikuwa nchi ya kwanza katika Afrika kutoa chanjo ya HPV nchi nzima. Kabla ya sindano ya kwanza walifanya kampeni ya kuwaeleza wananchi kila mahali. Wasichana waliokuwa hawaendi shule walitafutwa huko huko vijijini. Katika mwaka huo wa kwanza, zaidi ya wasichana 90 katika kila 100 waliokusudiwa walipata sindano zote tatu zilizotakiwa wakati ule.

Nasi Watanzania tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Muulize babu au bibi aliyekuwapo. Watu walifanya kazi ile kwa sababu waliizungumza kwanza wao wenyewe.

TUWAENDEE VIPI?

Katika vijiji vingi kosa ni lile lile. Kiongozi wa dini huitwa siku ya uzinduzi, afungue kwa sala na kufunga kwa sala. Hapewi nafasi ya kuuliza. Akirudi nyumbani, waumini wanamwuliza maswali na yeye hana majibu. Hebu tutazame mfano huu wa mazungumzo, jinsi yanavyoweza kwenda yakifanywa mapema.

Nesi: Shikamoo, shehe.

Shehe: Marahaba, mwanangu. Karibu. Nimesikia mnakuja kuwadunga mabinti. Mimi nina neno. Binti wa miaka kumi ana habari gani na maradhi ya watu wazima? Si mtawafungulia njia?

Nesi: Swali zuri, shehe, na wazazi wengi wanaliuliza. Naomba nami nikuulize. Tunapomchanja mtoto pepopunda, huwa tunamfundisha akakanyage misumari?

Shehe: Hapana.

Nesi: Basi ni hivyo hivyo. Wewe unawafundisha kujitunza, nasi tunakuomba uendelee. Lakini hata binti aliyejitunza mpaka siku ya nikaha, hajui mumewe ametoka wapi.

Shehe: (akicheka kidogo) Hilo kweli. Wanaume tunajijua. Sasa nikuambie la moyoni. Mtoto akizirai pale shuleni, baba yake hatakuja kwako. Wewe utakuwa umeshapanda pikipiki yako. Atakuja kwangu, aseme, "Shehe, wewe ndiye uliyetuambia."

Nesi: Ndiyo sababu nimekuja leo, wiki tatu kabla. Tukubaliane. Siku ile sitaondoka mpaka jioni. Kila mtoto atakaa dakika 15 mbele yetu. Nitakueleza yote yanayoweza kutokea, nawe uwaambie wazazi kabla, wasishtuke. Na simu yangu utakuwa nayo.

Shehe: Hapo tumeelewana. Ijumaa, baada ya sala, uje uwaeleze wazazi. Mimi nitakaa karibu nawe.

Mmeona? Shehe yule hakuhofia sindano tu. Alihofia jina lake. Kiongozi anayehimiza jambo huwa anawakopesha watu jina lake, na mkopo huo lazima ulindwe. Kwa hiyo wanaohusika na afya kijijini wafuate mambo haya:

1. Waende mapema, wiki kadhaa kabla ya siku ya chanjo, nyumbani kwa kiongozi au mahali pake pa ibada.

2. Waanze kwa kusikiliza. Asiyejibiwa swali lake hatasaidia, hata akitikisa kichwa.

3. Waseme ukweli wote, pamoja na maumivu ya mkono, homa na kuzirai. Ukificha dogo, hutaaminiwa katika kubwa.

4. Wasimwandikie hotuba. Yeye anajua namna dini yake inavyofundisha kulinda uhai na kuwatunza watoto. Aseme kwa maneno yake.

5. Wawaite viongozi wote pamoja. Akialikwa padri peke yake, wengine watasema ni chanjo ya Wakatoliki. Akialikwa shehe peke yake, hivyo hivyo.

6. Wasiwasahau wanawake. Kuna walimu wa kike wa madrasa, vikundi vya akina mama kanisani, wakunga wa jadi, na makungwi wanaowafunda wari. Mambo haya mama huyauliza kwa mwanamke mwenzake.

7. Wamtumie mwenyekiti wa kitongoji kuwatafuta wasichana wasiosoma: walioacha shule, watumishi wa nyumbani, na watoto wa wafugaji. Hao ndio husahauliwa.

8. Chanjo ikiisha warudi kutoa taarifa. Wangapi wamechanjwa? Nani aliumwa, na sasa anaendeleaje? Kiongozi akijua mwisho wa jambo, mwaka ujao atakuwa wa kwanza kuwaita watu.

Na kiongozi naye ana mfano wa kuonyesha. Ana binti au mjukuu wa umri huo? Ampeleke siku ile ile, watu wakiona.

AKINA MAMA NAO WASIACHWE

Chanjo ni ya mabinti. Mama mwenye miaka 30 hadi 50 anahitaji kupimwa. Katika vituo vingi vya afya kipimo ni cha muda mfupi. Nesi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi. Pakibadilika na kuwa peupe, pana dalili ya kuharibika, na mara nyingi huweza kutibiwa kabla hapajawa saratani. Mama mwenye virusi vya UKIMWI aanze kupimwa mapema zaidi.

Mama akiona damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu ya nyonga yasiyoisha, aende hospitali mara moja. Wagonjwa wengi wanaofika Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, hufika wamechelewa. Nauli ya kufika huko ni kubwa na matibabu ni marefu. Hapa pia viongozi wa dini wana kazi: wawaambie waume wawaruhusu wake zao, wawape nauli, na wakiweza wafuatane nao.

Nchi za dunia ziliweka lengo mwaka 2020. Ifikapo mwaka 2030, wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kufika miaka 15, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa, na wagonjwa 90 katika kila 100 wawe wanatibiwa. Lengo hilo ni la dunia, lakini linahesabiwa kijiji kwa kijiji, binti kwa binti. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, watu wanasema nini juu ya chanjo hii? Yapi ni kweli, yapi si kweli?

2. Ni viongozi gani ambao neno lao husikilizwa zaidi na akina baba? Na akina mama je?

3. Ni wasichana gani wa miaka 9 hadi 14 hapo kwenu ambao hawaendi shule? Nani atawafikia?

4. Chagueni watu wawili waende kumwona nesi wa zahanati. Wamwulize siku ya chanjo itakuwa lini, na siku ya kupima akina mama ni ipi. Mkikutana tena, watoe taarifa.